Kamera zinazohesabu dakika barabarani: Zinaokoa nani, zinamgharimu nani?

BARABARA ya A9, inayopanda kutoka katikati ya Scotland hadi mji wa Inverness kaskazini, ina sifa ambayo mkulima au mfanyabiashara wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja. Ndiyo uti wa mgongo wa eneo zima la milimani. Kondoo wanaokwenda mnadani, samaki, magogo, whisky, mbolea na bidhaa za madukani, vyote hupita hapo. Ikifungwa kwa ajali, njia ya kuzunguka ni ndefu, na mzigo unaoharibika unaharibikia njiani.

Sehemu kubwa ya barabara hiyo kati ya Perth na Inverness ni ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hapa na pale inapanuka na kuwa njia nne, kisha inabana tena. Dereva aliyekwama nyuma ya lori kwa muda mrefu huiona sehemu pana kama bahati isiyorudi, akakanyaga mafuta ili ayapite magari yote yaliyo mbele kabla njia haijabana. Wengine hawasubiri hata hiyo sehemu pana.

Oktoba 28, 2014, kamera zilizopakwa rangi ya manjano ziliwashwa kati ya Dunblane na Inverness. Hazikuwa kamera za kumnasa dereva pale anapopita. Zilikuwa za kupima mwendo wa wastani, yaani kuhesabu gari limetumia dakika ngapi kutoka kamera moja hadi nyingine. Kwa jumla zilifunika maili 99, sawa na kilomita 159, na wakati ule hakukuwa na sehemu ndefu kuliko hiyo katika Uingereza yote.

Kelele zilianza mapema. Baadhi ya wakazi na wafanyabiashara wa kaskazini walisema kamera zitachelewesha mizigo, zitafukuza wageni na hazitagusa tatizo lenyewe, ambalo kwao lilikuwa ufinyu wa barabara. Danny Alexander, aliyekuwa mbunge wa eneo la Inverness na waziri katika Hazina ya Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliozipinga. Serikali ya Scotland ikashikilia msimamo wake.

Zaidi ya miaka 10 baadaye, swali la awali linaweza kujibiwa kwa hesabu badala ya hasira. Je, kamera hizi zinapunguza vifo kwenye barabara kuu zinazopita mashambani? Jibu fupi ni ndiyo. Lakini ni ndiyo yenye masharti, na masharti yenyewe ndiyo yanayomhusu mtu mwenye lori la mahindi au anayempakia mwenzake nyanya.

Tochi na saa

Askari mwenye tochi, kama madereva wa Tanzania wanavyokiita kile kifaa cha kupimia mwendo, hupima sekunde moja, mahali pamoja. Madereva wamekwishajifunza namna ya kuishi naye. Gari linalotoka upande wa pili linamulika taa, ujumbe unafika, kila mtu anashuka hadi 50, askari anapita akiangaliwa kwa adabu kubwa, na baada ya kona mshale unapanda tena pale ulipokuwa. Kamera ya kawaida iliyosimikwa kwenye nguzo hukutana na mchezo uleule. Magari hufunga breki mita chache kabla yake na kukimbizwa mita chache baada yake, na zile breki za ghafla zenyewe ni hatari kwa aliye nyuma.

Kamera ya wastani inafanya kazi tofauti. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika saa, dakika na sekunde. Ya pili, kilomita kadhaa mbele, inafanya vivyo hivyo. Kompyuta inagawa umbali kwa muda, basi. Ni hesabu ya shule ya msingi. Tuseme umbali ni kilomita 10 na kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Gari halipaswi kuufikia mwisho kabla ya dakika 7 na nusu. Likifika kwa dakika 6, limekwenda kwa wastani wa kilomita 100, na hakuna la kubishana. Umbali wenyewe hupimwa kwa kufuata njia fupi kabisa ambayo gari linaweza kupita, ili kama kuna kosa dogo la vipimo, limfae dereva.

Hapa kumulikiana taa hakusaidii kitu. Ukipunguza kwenye kamera na kukimbiza katikati, dakika zitakusaliti. Njia ya kuuridhisha mtambo baada ya kukimbiza ni kusimama kando na kunywa chai, na mtu mwenye muda wa kunywa chai hakuwa na sababu ya kukimbiza gari.

Uingereza iliidhinisha mtambo wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1999, na Uholanzi ikaanza kuutumia karibu na Rotterdam mwaka 2002. Mwanzoni ulikuwa chombo cha matajiri. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2016 ya RAC Foundation, taasisi ya Uingereza inayofanya utafiti wa masuala ya magari na barabara, gharama mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa kama pauni milioni 1.5 kwa maili. Kufikia mwaka wa ripoti ilikuwa imeshuka hadi kama pauni 100,000 kwa maili, sawa na pauni 62,000 hivi kwa kilomita. Bado si fedha za kuokota, lakini kujenga kilomita moja ya lami ya njia nne ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Mwaka mbaya na mwaka mzuri

Kwenye A9 mabadiliko ya mwendo yalionekana haraka. Kabla ya kamera, gari 1 kati ya 3 lilikuwa likivuka kikomo. Takwimu za mwanzo za Transport Scotland, wakala wa serikali unaosimamia barabara kuu, zilionyesha kuwa baada ya kamera ni gari 1 kati ya 15. Hakuna askari wa tochi aliyewahi kufanya hivyo kwa barabara nzima, usiku na mchana, mvua na theluji.

Ushahidi wa muda mrefu zaidi unatoka barabara nyingine ya Scotland, A77, inayopita mashamba ya Ayrshire kuelekea bandari za kivuko cha Ireland ya Kaskazini. Huko kamera za wastani zilifungwa mwaka 2005 kwa umbali wa kilomita 51 hivi. Katika miaka iliyofuata vifo vilipungua kwa asilimia 46 na majeruhi wa hali mbaya kwa asilimia 35.

Hapa msomaji anapaswa kuwa mgumu kidogo. Kamera huwekwa wapi? Huwekwa mahali palipotokea ajali nyingi. Na mahali palipokuwa na mwaka mbaya kupita kawaida, mwaka unaofuata huwa nafuu hata kama hakuna aliyefanya lolote. Mkulima analijua jambo hili. Aliyevuna gunia 5 kwa ekari mwaka wa ukame, akabadilisha mbegu, akavuna gunia 12 mwaka uliofuata wenye mvua nzuri, hawezi kuapa kwamba gunia zote 7 za nyongeza zimeletwa na mbegu. Nyingine zimeletwa na mawingu. Isitoshe, ajali nchini Uingereza zilikuwa zikipungua kwa jumla katika miaka hiyo, kwenye barabara zenye kamera na zisizo na kamera.

Ndiyo maana ripoti ya RAC Foundation ina uzito kuliko matangazo ya serikali. Watafiti walichukua maeneo 25 yenye kamera za wastani, wakatoa sehemu ya upungufu iliyotokana na mwelekeo wa nchi nzima na sehemu iliyotokana na ile bahati ya mwaka mbaya kufuatiwa na mwaka nafuu. Kilichobaki baada ya makato yote kilikuwa upungufu wa asilimia 36 wa ajali za vifo na majeraha mabaya. Kwa ajali zote zenye majeruhi, wakiwamo walioumia kidogo, upungufu ulikuwa asilimia 16.

Tofauti ya namba hizo mbili inaeleza mengi. Kamera hazizuii sana magari kugongana; zinafanya yakigongana, watu watoke hai. Nchini Norway, ambako kamera hizi zimefungwa kwenye barabara nyingi nyembamba za vijijini na kwenye mahandaki, taasisi ya utafiti wa usafiri ya nchi hiyo ilikuta waliouawa au kujeruhiwa vibaya wamepungua kwa karibu nusu.

Sababu iko kwenye uzito na mwendo. Gari likipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya kishindo inaongezeka kwa asilimia 56. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likieleza kuwa wastani wa mwendo wa barabara ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Fuso lililojaa vitunguu halihitaji kuelezwa zaidi.

Lori nalo lilipewa chake

Jambo moja la A9 hutajwa kwa haraka mno katika mijadala, nalo ndilo la maana zaidi kwa wasafirishaji. Kamera hazikuja peke yake.

Hadi mwaka 2014, lori la zaidi ya tani 7.5 kwenye barabara za njia mbili nchini Uingereza lilitakiwa lisizidi maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64. Magari madogo yaliruhusiwa maili 60, sawa na kilomita 96. Tofauti hiyo ya kilomita 32 ilikuwa kiwanda cha misururu. Lori moja linalotii sheria lilivuta nyuma yake mkia wa magari, na kila aliyekuwa kwenye mkia alikuwa akitafuta upenyo. Lori lisilotii sheria, kwa upande wake, liliwahi kufika na kumnyang'anya zabuni aliyetii.

Siku kamera zilipowashwa, kikomo cha malori kwenye sehemu za njia mbili kati ya Perth na Inverness kilipandishwa kwa majaribio hadi maili 50, yaani kilomita 80. Wasafirishaji wa mizigo walikuwa wakiliomba jambo hilo kwa muda mrefu. Kwa kila kilomita 100 za barabara ya njia mbili, lori lililokuwa likitumia dakika 94 sasa lingeweza kutumia dakika 75 bila kuvunja sheria. Magari madogo, ambayo mengi yalikuwa yakivuka 96, yakashushwa na kamera. Basi mwenye haraka akapungua, mwenye pole akaongeza, na tofauti kati yao ikapungua. Mwaka 2015 England na Wales nazo zilipandisha kikomo cha malori kwenye barabara kama hizo hadi maili 50.

Kwa lugha ya biashara, serikali ilimdai msafirishaji utii na ikamlipa kwa dakika. Mwenye gari dogo ndiye aliyepoteza. Hata huyo, tukichukua kilomita 159 zote kana kwamba alikuwa akizikata kwa kilomita 110 kwa saa na sasa anazikata kwa 96, amepoteza dakika 13 hivi. Ajali moja ya vifo inaweza kuifunga barabara kwa saa nyingi wakati polisi wanapima na magari yanavutwa. Mwenye samaki kwenye barafu ndiye anayejua saa hizo zina thamani gani.

Kamera isichokiona

Baada ya kusema hayo, waliopinga mwaka 2014 hawakukosea kila kitu. Mwaka 2022 zaidi ya watu 10 walikufa kwenye A9 kati ya Perth na Inverness, mwaka mbaya kuliko mingi iliyotangulia, na kamera zilikuwapo zinafanya kazi. Hasira ya wakazi ilifika Bungeni Edinburgh kwa njia ya ombi rasmi la wananchi.

Kamera ya wastani inajua namba ya gari na saa. Haijui kama dereva amelala, amelewa, ni mgeni aliyeingia upande usio wake, au anaingia barabarani kutoka kijia cha shambani bila kuangalia. Magari mawili yanayokuja uso kwa uso, kila moja likiwa na kilomita 90 kwa saa, yote yako ndani ya sheria mpaka sekunde ile mmoja anapovuka mstari wa katikati. Dawa ya ajali ya namna hiyo ni kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi.

Serikali ya Scotland ilikuwa imeahidi mwaka 2011 kuwa barabara yote kati ya Perth na Inverness ingekuwa ya njia nne ifikapo 2025. Februari 2023 ilikiri kuwa ahadi hiyo haitatimia. Wakati huo vipande viwili tu vya mradi vilikuwa vimekamilika, kimoja mwaka 2017 na kingine 2021. Desemba mwaka huohuo ilitolewa ratiba mpya inayoishia mwaka 2035.

Kwa hiyo kamera zilizokusudiwa kuwa za kushikilia hali hadi ujenzi uishe zimejikuta zikifanya kazi ya ujenzi wenyewe, na kazi hiyo haziwezi. Hili ni la kuangaliwa na serikali yoyote inayofikiria kuzinunua. Zikifanya vizuri mwaka wa kwanza, kishawishi cha kuahirisha barabara mpya huwa kikubwa.

Teksi za Karoo

Afrika nayo ina mfano wake, na umekaa vizuri kwa kulinganisha. Katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, barabara ya R61 inatoka Beaufort West na kukatiza Karoo, nchi kavu ya wafugaji wa kondoo, kuelekea Aberdeen na Eastern Cape. Ni barabara iliyonyooka, yenye joto, isiyo na mengi ya kuangalia, na hutumiwa sana na teksi za mabasi madogo zinazopeleka watu makwao wakati wa Pasaka na Krismasi. Novemba 2011 jimbo lilifunga kamera za wastani kwenye kilomita 71.6 za barabara hiyo. Mwaka wa kwanza ulipoisha, viongozi wa jimbo walitangaza kuwa hakuna aliyekufa kwenye kipande hicho. Mpango ukasogezwa pia kwenye barabara kuu ya N1, upande wa Laingsburg na Beaufort West.

Mwaka mmoja ni mwaka mmoja, na hadithi ya mbegu na mawingu inahusika hapa pia. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walichimba zaidi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016 walikuta jambo la kufikirisha. Madereva wa magari madogo ya binafsi walipunguza mwendo. Madereva wa teksi hawakubadilika kwa kiasi hicho.

Kwa sheria ya nchi hiyo, teksi ya basi dogo haitakiwi kuzidi kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo haipaswi kuzimaliza kilomita zile 71.6 kabla ya dakika 43 hivi. Lakini dereva wa teksi anaishi kwa idadi ya safari. Gari mara nyingi si lake. Barua ya faini, ikifika, inafika kwa mtu mwingine, na Afrika Kusini ni nchi ambayo faini nyingi za barabarani huishia bila kulipwa. Mwenye gari la binafsi anaogopa barua kwa sababu jina kwenye kadi ni lake na anwani ni yake.

Australia ilikuwa na kasoro ya upande wa pili. Jimbo la New South Wales lilianza kuyapima malori kwa wastani mwaka 2010, lakini sheria haikuruhusu kamera hizohizo kumtoza faini mwenye gari dogo, hata kama kapita kama risasi. Ni Mei 2025 tu ndipo magari madogo yalipoanza kupimwa kwa majaribio, kwenye vipande viwili vya barabara, mwanzoni kwa barua za onyo na faini kuanzia Julai. Madereva wa malori walikuwa wamehesabiwa dakika peke yao kwa miaka 15.

Kwenye barabara za kwetu

Afrika Mashariki imejaribu njia nyingine za kuubana mwendo. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2003 zilizobaki na jina la waziri John Michuki, ililazimisha matatu na mabasi kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila dereva anajua kuna mafundi wa kuvifunga na mafundi wa kuvifungua. Tanzania ilianza kufuatilia mabasi ya masafa marefu kwa mtambo wa setilaiti, ambao sasa uko chini ya LATRA, na abiria wa Mwanza au Mbeya wameuzoea mlio unaomsema dereva akipitiliza. Fuso la nyanya haliko kwenye hesabu hiyo.

Kamera za wastani zingefaa hapa? Kwenye baadhi ya vipande, ndiyo. Kilomita kama 50 ambazo barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi zina sifa zinazotakiwa: hakuna vijiji vya kusimama, njia za kuchepuka ni chache, na wanaogongwa ni pamoja na wanyama wanaoleta fedha za kigeni. Upande wa Kenya, barabara ya Mombasa inapokatiza Tsavo kati ya Mtito Andei na Voi inafanana nayo.

Nje ya vipande hivyo hesabu inakuwa ngumu. Mtambo unahitaji kikomo kimoja kutoka kamera hadi kamera. Barabara ya Tunduma inapita kijiji baada ya kijiji, kibao cha 50 kinafuatwa na 80 kisha 50 tena, na wanaokufa wengi si wale walio ndani ya magari. Ni mtoto anayevuka kwenda shule, mwenye baiskeli ya mkaa, dereva wa bodaboda, mama aliyepanga mafungu ya viazi hatua mbili kutoka kwenye lami. Lori linaweza kupita hapo kwa 90 na wastani wake wa kilomita 20 ukasomeka safi kwa sababu lilisimama kununua mihogo. Mahali kama hapo tuta zuri lililojengwa kwa vipimo, au njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa, linashinda kamera yoyote, ingawa wenye magari hawapendi kulisikia hilo.

Halafu kuna suala la kadi ya gari. Nchini Uingereza notisi inatumwa kwa mmiliki aliyeandikishwa ndani ya siku 14, naye anatakiwa kumtaja aliyekuwa akiendesha. Akikataa, hilo ni kosa lake mwenyewe. Adhabu ya kawaida ni kuanzia pauni 100 na alama 3 kwenye leseni, na ni zile alama zinazotisha, kwa sababu zikifika 12 dereva hukabiliwa na kufungiwa kuendesha. Kwetu gari linaweza kuuzwa mara tatu na kadi ikabaki na jina la mtu wa kwanza. Kamera itasoma namba vizuri sana, na barua itakwenda kwa mtu aliyeliuza lori zamani ili alipe ada za watoto. Kabla ya nguzo kusimikwa, daftari la usajili lingepaswa kusafishwa, na hiyo ni kazi isiyo na uzinduzi wala utepe wa kukata.

Wakati hayo yakisubiri, mwenye lori la zaidi ya tani 3.5 nchini Tanzania tayari ana kamera ya wastani mfukoni mwa dereva wake. Ni risiti za mizani. Lori linapimwa Makambako, linapimwa tena Mikese na Vigwaza, na kila kipimo kina saa yake. Tajiri akizidai risiti zote safari inapoisha, anaweza kupiga hesabu ileile ya Scotland kwa kalamu. Kama kati ya mizani mbili kuna kilomita 300 na tofauti ya saa ni 3 na dakika 20, lori limekwenda kwa wastani wa kilomita 90, na hapo hajatoa muda wa kula, foleni wala vibao vya 50. Kwa kikomo cha 80, safari hiyo haikupaswa kuisha kabla ya saa 3 na dakika 45. Tofauti ni dakika 25. Anaweza pia kuangalia kwenye simu yake ni mara ngapi, katika saa hizo, alimpigia dereva kumuuliza amefika wapi.